Kabla ya Kununua Kinanda: Kuwafundisha Watoto Wadogo Muziki kwa Kuimba



Kila robo ya mwaka tunapokea barua kutoka kwa kamati za parokia zikieleza mahitaji ya shule za msingi na madarasa ya awali yaliyo karibu nao. Baada ya madawati, matundu ya vyoo na maji, ombi linalojitokeza mara kwa mara ni hili: tupatiwe kinanda ili watoto wetu wajifunze muziki. Wafadhili nao hulipenda ombi hili, kwa sababu kinanda ni kitu kinachoonekana na kinaweza kupigwa picha siku ya kukabidhiwa.

Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini siku hizi jibu letu la kwanza kwa ombi kama hilo huwa ni swali: Je, shuleni hapo yupo mwalimu anayeimba na watoto? Kama yupo, tuanze naye. Kama hayupo, kinanda hakitachukua nafasi yake.

TULICHOJIFUNZA KWA KUKOSEA

Ni vema tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kununua kinanda kwa ajili ya shule moja ya msingi. Sherehe ya makabidhiano ilifana. Mzee mmoja wa kamati alisimama akasema, "Walimu wetu, sisi wazazi tumemaliza kazi yetu, iliyobaki ni yenu." Sote tulipiga makofi.

Tulirudi shuleni hapo baada ya mwaka mmoja na nusu. Kinanda kilikuwa ndani ya kabati katika ofisi ya mwalimu mkuu, kimefunikwa vizuri kwa kitambaa. Mwalimu pekee aliyejua kukipiga alikuwa amehamishiwa shule nyingine. Adapta ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Lakini tulipoingia darasa la pili na kukuta watoto zaidi ya 80, tuliona kwamba hata kama kinanda kingekuwa kizima, mtoto mmoja angepiga na wengine wote wangekaa kumtazama.

Siku hiyohiyo wakati wa mapumziko tuliwaona watoto wakicheza ukuti nje ya darasa. Walikuwa wameshikana mikono katika duara, wanaimba kwa sauti safi na miguu yao inakwenda pamoja bila kuyumba. Muziki ulikuwepo shuleni muda wote. Sisi tulikuwa tumeupelekea kabati.

SAUTI NI CHOMBO CHA KWANZA

Kila mtoto huja shuleni na chombo chake cha muziki. Hakihitaji umeme, hakiibiwi, na darasa la watoto 80 lina vyombo 80. Hiyo ni sababu ya gharama, nayo ni ya kweli. Lakini ipo sababu nyingine iliyo kubwa zaidi.

Mtoto anapobonyeza kinanda, sauti hutoka hata kama hakuisikia kwanza akilini mwake. Anapoimba haiwezekani hivyo. Ni lazima aisikie sauti ndani yake kwanza, ndipo koo limtii. Kwa hiyo kila anapoimba, sikio lake linafanya kazi. Mtoto aliyefundishwa kuimba vizuri akiwa na miaka sita au saba, akipewa gitaa, marimba au kinanda akiwa na miaka 12, anakuja na sikio linalojua anachotafuta. Asiyefundishwa huishia kukariri vidole.

Hatupendi kuwaahidi wafadhili mambo tusiyoweza kuyathibitisha. Hatusemi kwamba kuimba kutapandisha alama za hisabati. Tunachoweza kusema ni kwamba mtoto anayepiga makofi kwa kila silabi ya jina lake, Ne-e-ma, Yo-ha-na, A-sha, anafanya zoezi lilelile analohitaji anapoanza kusoma, kwa maana Kiswahili husomwa kwa silabi. Tena tunaweza kusema kwamba darasa linaloimba pamoja hujifunza kusikilizana na kupokezana. Na zaidi ya yote, muziki una thamani yake wenyewe, wala hauhitaji kuombewa ruhusa na hisabati.

NJIA HII ILITOKA WAPI?

Wanakwaya wengi wanazijua do, re, mi, fa, so, la, ti. Wachache wanajua kwamba namna hii ya kuzitumia ilitengenezwa hasa kwa ajili ya watoto wa kawaida na watu wasio na vyombo.

Silabi zenyewe ni za zamani sana. Asili yake ni mafundisho ya mtawa Guido wa Arezzo, nchini Italia, katika karne ya 11. Lakini aliyezigeuza kuwa njia nyepesi ya kufundishia watoto shuleni alikuwa mwanamke wa Norwich, Uingereza, aitwaye Sarah Glover, ambaye mwaka 1835 alichapisha kitabu cha mpango wake. Mwaka 1841 mchungaji John Curwen aliombwa na mkutano wa walimu wa shule za Jumapili awatafutie njia bora ya kufundisha kuimba. Alikichukua kitabu cha Glover, akakirekebisha na kukieneza. Baadaye aliongeza ishara za mikono, ili mtoto aone sauti inapanda au inashuka. Herufi chache tu, d, r, m, f, s, l, t, ziliweza kuchapwa kwa bei nafuu na kuandikwa kwenye ubao wowote.

Wamisionari waliibeba njia hiyo hadi Afrika. Mwalimu mmoja aliyeitumia ni Enoch Sontonga, aliyefundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika kwa sol-fa. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Sontonga alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana, lakini muziki wake ndio huu tunaousimamia kwa heshima leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Jirani zetu wa Kenya nao, walipojiandaa kwa uhuru mwaka 1963, walichukua muziki wa wimbo wao wa taifa kutoka katika bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Kwa hiyo mataifa haya mawili husimama wima kwa nyimbo zilizoanzia kwa watoto, mmoja kutoka darasani na mwingine kutoka mgongoni mwa mama. Tusiudharau wimbo wa mtoto.

Katika karne ya 20 mtunzi wa Hungaria, Zoltán Kodály, aliichukua sol-fa na ishara za mikono akaziunganisha na nyimbo za asili za watu wake, ambazo yeye na mwenzake Béla Bartók walikuwa wamezikusanya vijijini. Mwaka 1950 shule ya msingi ya kwanza yenye kuimba kila siku ilifunguliwa Kecskemét, mji aliozaliwa. Kodály alishikilia mambo mawili: kwamba muziki ni haki ya kila mtoto wala si ya wenye vipaji peke yao, na kwamba mtoto aanze na nyimbo za lugha ya nyumbani kwake. Mambo hayo mawili yanatufaa sana sisi pia.

HATUA KWA HATUA DARASANI

Hapa tunaeleza mpangilio ambao mwalimu wa darasa la awali hadi la tatu anaweza kuufuata hata kama yeye mwenyewe si mwanamuziki.

1. Kusikiliza na kuitikia. Mwalimu anaimba kipande kifupi, watoto wanakirudia. Huu ni utaratibu wetu wa asili wa kiongozi na waitikiaji. Mwalimu asiimbe pamoja na watoto wakati wote. Aimbe, kisha anyamaze awasikilize. Mwalimu anayeimba muda wote hawezi kusikia kosa.

2. Mapigo. Watoto watembee, wapige makofi au wagonge magoti kufuata pigo la wimbo. Baadaye watofautishe pigo lenyewe, ambalo halibadiliki kama moyo, na mwendo wa maneno, ambao huenda haraka au polepole. Nusu ya darasa ipige pigo, nusu nyingine ipige maneno, kisha wabadilishane. Sauti moja katika pigo huitwa "ta", na sauti mbili katika pigo moja huitwa "ti-ti".

3. Sauti mbili za kwanza. Watu wengi hudhani mtoto aanze na do na kupanda hadi mwisho wa ngazi. Njia ya Kodály haifanyi hivyo. Huanza na so na mi, yaani ule mshuko mdogo unaosikika mara nyingi watoto wanapoitana kutoka mbali. Kwa sauti hizo mbili tu mwalimu anaweza kuita majina ya mahudhurio, na kila mtoto akaitikia kwa kuimba. Hiyo ni dakika tano, na kila mtoto ameimba peke yake bila kuogopa.

4. Kuongeza sauti. Ikija la, nyimbo nyingi za michezo ya watoto zinawezekana. Kisha do na re. Sauti hizo tano zinatosha kwa muda mrefu, na nyimbo nyingi za asili za Kiafrika zimejengwa juu yake. Fa na ti zije baadaye, kwa sababu vidato vya ngazi ya sauti havilingani: kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni nusu hatua, na sikio changa hukosea hapo kwa urahisi.

5. Ishara za mikono. Do ni ngumi usawa wa kiuno. Mi ni kiganja kilicholala bapa usawa wa kifua. So ni kiganja kilichosimama kikielekea kifuani, juu kidogo ya mi. Mkono ukipanda, sauti inapanda. Mwalimu akishazoea, anaweza kuongoza darasa zima kwa mkono bila kusema neno.

6. Kusoma na kuandika. Watoto wasome kwenye ubao wimbo wanaoujua tayari, kabla ya kusoma wasioujua. Sauti kwanza, alama baadaye, kama vile mtoto anavyosema "mama" kabla ya kuliandika neno hilo.

7. Kuimba kimoyomoyo. Katikati ya wimbo mwalimu anafumba kiganja, watoto wananyamaza lakini wanaendelea kuimba akilini. Akikifumbua, wote wanatoka na sauti ileile mahali palepale. Watoto hulipenda sana zoezi hili, na hakuna linalofundisha sikio kuliko hilo.

Ikumbukwe kwamba do haikufungwa mahali pamoja. Ni kama ngazi ya mbao: unaweza kuiegemeza kwenye ukuta mfupi au mrefu, lakini nafasi kati ya vidato vyake ni zilezile. Ndiyo maana mwalimu hahitaji kinanda ili kuanza. Anahitaji tu kuchagua mahali panapolifaa koo la mtoto.

TUSIWAHARIBU SAUTI

Hapa ndipo tunapoomba kamati zitusikilize zaidi. Sauti ya mtoto ni ndogo na iko juu kuliko ya mtu mzima. Mwalimu wa kiume akianzisha wimbo kwa sauti yake ya kawaida, watoto hujaribu kumfuata chini wasikofika, na wengi huishia kunguruma. Ni afadhali amteue mtoto mwenye sauti thabiti aanzishe. Kwa kuanzia, nyimbo ziwe fupi na zisiwe na nafasi kubwa kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Jambo la pili ni kupiga kelele. Mara nyingi tunawaambia watoto, "Imbeni kwa nguvu, wageni wasikie!" Tena tunawaweka mbele ya spika kubwa. Mishipa ya shingo ikionekana, huko si kuimba tena. Mwalimu awaambie waimbe kama wanaozungumza na mtu aliyekaa upande wa pili wa chumba, na wasimame wima bila kukakamaa. Wageni nao wajifunze kunyamaza.

"HUYU HANA SAUTI"

Katika kila darasa wapo watoto ambao hawajaweza kuifuata sauti wanayopewa. Mara nyingi huambiwa wasimame nyuma na wafungue midomo tu, au huondolewa kwenye kwaya kabla ya sikukuu. Tumekutana na watu wazima, wengine wajumbe wa kamati zetu, ambao hadi leo hawaimbi hata kanisani kwa sababu ya neno waliloambiwa wakiwa darasa la kwanza.

Mtoto wa namna hiyo hajakosa kipawa. Mara nyingi hajaipata tu sauti yake ya kuimbia, anatumia ile ya kuzungumzia. Msaada wake si mgumu. Mwalimu asikilize mtoto anatoa sauti gani, kisha darasa zima liimbe hapo alipo yeye. Akisikia kwa mara ya kwanza kwamba sauti yake na ya wenzake zimekuwa moja, ataitambua hali hiyo na kuitafuta tena. Kisha wapande naye kidogo kidogo. Aige mlio wa ndege au wa mbuzi mchanga, ili ajue kwamba sauti yake inaweza kupanda. Akae karibu na mwenzake anayeimba kwa uhakika. Na kamwe asiambiwe anyamaze, kwa maana hakuna aliyejifunza kuimba kwa kunyamaza.

WIMBO NA LUGHA YA MTOTO

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo lenye nguvu katika wimbo likiangukia silabi nyingine, neno hupinda. Kila mmoja wetu anajua kwamba "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kusema "sawasawa" hutofautiana kwa mkazo tu. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zamani zina kasoro hii, na mtoto huzikariri bila kuzielewa. Lugha nyingi za Kibantu zina ugumu zaidi, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadilisha maana ya neno. Kwa hiyo tunashauri mwalimu akusanye kwanza nyimbo za michezo, za kazi na za kubembeleza kutoka kwa bibi na mama wa hapo kijijini. Wao watasema mara moja iwapo wimbo umeharibiwa.

Shule za msingi zina watoto wa dini zote. Kwa hiyo nyimbo za kufundishia darasani ziwe zile ambazo kila mzazi atafurahi kuzisikia nyumbani. Nyimbo za ibada zina mahali pake katika shule ya Jumapili, na huko nako hatua hizihizi zinafaa.

KAMATI NA WAFADHILI WAFANYE NINI?

Nafasi ipo. Mtaala wa Tanzania ulioboreshwa mwaka 2023 una sehemu ya sanaa na michezo katika elimu ya msingi, na nchini Kenya mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kitaifa mwaka 2019 umeweka muziki ndani ya shughuli za ubunifu. Kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu anayejiamini kuimba mbele ya watoto. Kwa hiyo tunapendekeza:

- Kamati ikae na mwalimu mkuu na kukubaliana dakika 10 hadi 15 za kuimba kila siku kwa madarasa ya chini. Hizo zina faida kuliko saa nzima ya Ijumaa.
- Wachaguliwe walimu wawili au zaidi kutoka shule moja, si mmoja. Mmoja akihamishwa, kazi isihamishwe naye.
- Mwalimu wa kwaya ya parokia anayeijua sol-fa aombwe kuwasaidia walimu hao wakati wa likizo. Alipwe nauli na posho yake, asifanywe mtu wa kujitolea milele.
- Mchango wa kwanza wa mfadhili uende kwenye mafunzo hayo, chaki, daftari la kuandikia nyimbo zilizokusanywa, na rangi ya kuchora ngazi ya sauti ukutani.
- Kinanda kisikataliwe, ila kije baadaye, shule ikishakuwa na walimu na watoto wanaokihitaji. Ngoma, kayamba na marimba zinazotengenezwa na mafundi wa karibu zinaweza kutangulia.

Wafadhili watauliza, na ni haki yao: tutajuaje kwamba fedha yetu imezaa matunda? Mkiitembelea shule baada ya mihula miwili, msiombe kuimbiwa wimbo wa kukaribisha wageni, kwa maana huo utakuwa umefanyiwa mazoezi wiki nzima. Ombeni mambo matatu. Mwalimu aandike ubaoni mstari mfupi wa sol-fa ambao watoto hawajawahi kuuona, nao wauimbe. Mwalimu aache kuongoza katikati ya wimbo, mwone kama pigo linabaki. Kisha mtoto mmoja aliyeketi nyuma kabisa, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote, aombwe aimbe peke yake. Kama ataimba bila hofu, hata kama atakosea sauti moja, kazi imefanyika.

Shule ile ya kinanda bado tunaitembelea. Walimu wawili wa madarasa ya chini walipata mafunzo kwa likizo mbili mfululizo, na ngazi ya sauti imechorwa ukutani nje ya darasa la pili. Kinanda bado kiko kabatini, kikisubiri adapta. Mara ya mwisho tulipofika, mwalimu alikuwa akiita mahudhurio kwa so na mi, na watoto wote waliitikia mmoja mmoja hadi jina la mwisho. Ilichukua muda mrefu kuliko dakika tano tulizokuwa tumeambiwa. Hatukuona haja ya kuwaharakisha.

Kamati inayopenda kuanza kazi hii ituandikie, itueleze kwanza majina ya walimu, ndipo tuzungumze kuhusu vyombo.